Barua Pepe Inapokwama Kwenye Kompyuta: Mfano wa Mururu

Makala haya yanawahusu walimu na wanafunzi wa Kiswahili wanaotumia programu ya barua pepe iliyomo ndani ya kompyuta, kama vile Thunderbird au Outlook, badala ya kusoma barua zao kwa kivinjari. Lengo ni kueleza namna ya kutafuta kosa pale programu inapodai kwamba haiwezi kuunganishwa na seva. Hatutaanza na orodha ya vitufe vya kubofya, kwa sababu vitufe hubadilishwa mahali katika kila toleo jipya. Njia inayopitwa na barua haibadiliki sana, na anayeijua njia hiyo ataweza kutambua imekatika wapi.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kiswahili aliyeko Mururu, katika wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda. Eneo hilo, ambalo kabla ya mabadiliko ya utawala ya mwaka 2006 lilikuwa katika mkoa wa Cyangugu, liko kandokando ya mto Ruzizi, na ng'ambo ya mto ni Kongo. Kiswahili pale si somo la darasani tu. Ni lugha ya biashara na watu wa Bukavu, na tangu mwaka 2017 ni mojawapo ya lugha rasmi za Rwanda. Mwalimu wetu ana alama za wanafunzi arobaini ambazo zinatakiwa kufika chuoni kabla ya saa kumi na moja jioni. Amebofya kitufe cha kutuma. Barua imebaki katika kikasha cha zinazosubiri kutoka, na kisanduku kidogo kimetokea chenye maneno ya Kiingereza, naye amekifunga kabla ya kuyasoma.

Kukifunga kisanduku hicho ni kutupa ushahidi. Kama kuna jambo moja tu ambalo msomaji atalishika katika makala haya, basi na liwe hili: maneno ya kosa hutaja mahali njia ilipokatika. Yaandikwe kwenye karatasi, neno kwa neno, kabla ya kugusa mpangilio wowote.

Wapo watakaouliza kwa nini mwalimu huyo asitumie kivinjari tu. Sababu zipo. Programu ya ndani ya kompyuta huweza kuhifadhi barua kwenye diski, kwa hiyo mtu husoma na kuandika hata bando likiwa limekwisha, kisha hutuma kwa pamoja intaneti inaporudi. Mururu kuna kituo cha kuzalisha umeme cha Ruzizi II, kilichoanza kazi mwaka 1989 na kinachohudumia nchi tatu, yaani Rwanda, Burundi na Kongo. Lakini kuishi jirani na mitambo ya umeme hakumkingi mtu na siku ambayo nyaya za mtaani kwake zimekatika. Mwenye barua zake kwenye diski ya kompyuta ya mkononi huendelea na kazi.

Sasa tuieleze njia yenyewe. Kwanza kompyuta inahitaji kufikia mtandao, kwa waya, kwa waifai au kwa simu. Pili, programu huuliza jina la seva liko wapi, kwani majina kama yale tunayoyaandika kwenye mpangilio hayana maana kwa mashine mpaka yageuzwe kuwa namba; kazi hiyo hufanywa na daftari la majina la mtandao, linalojulikana kwa herufi DNS. Tatu, programu hubisha hodi kwenye mlango maalumu wa seva, na kila mlango una namba yake. Nne, seva huonyesha cheti chake na mazungumzo yote hufungwa kwa usiri. Tano, ndipo mtumiaji hujitambulisha kwa neno la siri. Yafaa ieleweke pia kwamba kupokea na kutuma ni safari mbili tofauti. Kupokea hutumia utaratibu wa POP3 au wa IMAP, na kutuma hutumia SMTP. Mara nyingi kila safari ina seva yake na mlango wake. Kwa hiyo mtu anayesema “napokea lakini barua hazitoki” tayari ameshapunguza nusu ya kazi: intaneti yake ni nzima, na kosa liko upande wa kutuma.

Tuanze na hatua ya kwanza, maana hapo ndipo Mururu ina mambo yake. Ikiwa maneno ya kosa yanasema seva haikupatikana, jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba programu haikuwekwa katika hali ya kufanya kazi bila mtandao. Thunderbird ina alama ndogo chini, upande wa kushoto, ambayo hubofywa kwa bahati mbaya mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kisha fungua kivinjari uende kwenye ukurasa ambao hujawahi kuufungua, kwa kuwa ule wa kila siku waweza kuwa umehifadhiwa ndani ya kompyuta na ukakudanganya kwamba intaneti ipo.

Aidha, mtu anayepata intaneti kwa modemu au kwa simu akiwa karibu na mpaka anatakiwa kutazama jina la mtandao uliokamatwa. Mawimbi hayajui mpaka. Kwenye kilima kinachotazama Kongo, simu yenye laini ya Rwanda yaweza kushika mnara wa ng'ambo kwa sababu una nguvu zaidi. Vijistari vya mawimbi vitajaa, lakini data haitapita kama huduma ya kutumia laini nje ya nchi imezimwa. Na kama imewashwa, salio litaliwa haraka. Baadhi ya modemu hazionyeshi jina la mtandao bali namba: mitandao ya Rwanda huanza na 635, na ya Kongo huanza na 630. Dawa yake ni kuacha uchaguzi wa mtandao wa kujiendesha na kuchagua kwa mkono mtandao wa laini yako.

Kuna athari nyingine ya mpaka ambayo huchelewa kuonekana. Seva za kampuni kubwa hutazama nchi ambayo mtumiaji anaingilia. Akaunti iliyoingiwa asubuhi kutoka Rwanda, kisha saa sita mchana ikaonekana kama iko Kongo, huweza kutiliwa shaka na kuzuiwa kwa muda. Mwenyewe huona tu kwamba neno lake la siri limekataliwa, naye hulijaribu mara kumi, jambo ambalo huzidisha shaka hiyo. Inatosha kujaribu mara mbili, kisha kuingia kwa kivinjari na kusoma kama kuna onyo lililoachwa pale.

Wanaotumia waifai ya hoteli au ya mgahawa mjini Kamembe nao wanapaswa kujua kwamba waifai nyingi za namna hiyo humtaka mgeni kwanza akubali masharti kwenye ukurasa fulani. Programu ya barua pepe haiwezi kuuonyesha ukurasa huo, kwa hiyo hulalamika tu kwamba haijaunganishwa. Fungua kivinjari kwanza, kubali masharti, kisha urudi kwenye barua.

Baada ya jina la seva ni mlango. Hapa kuna makosa mawili yanayofanana kwa sura lakini maana zake ni tofauti. La kwanza ni pale muda wa kusubiri unapokwisha: umebisha hodi na hakuna aliyejibu, ama kwa sababu mtandao ni wa polepole mno, ama kwa sababu kuna aliyezuia njia katikati. La pili ni pale muunganisho unapokataliwa papo hapo: umefika nyumbani, lakini mlango huo haufunguliwi, na aghalabu ni namba iliyokosewa. Namba za kawaida ni hizi: 993 kwa IMAP iliyofungwa kwa usiri, 995 kwa POP3 iliyofungwa kwa usiri, na kwa kutuma ni 587 au 465. Mlango wa zamani wa kutumia, yaani 25, umefungwa na watoa huduma wengi duniani kwa wateja wao wa kawaida kwa sababu ulitumiwa mno na watuma barua taka. Akaunti iliyopangwa miaka mingi iliyopita kwa mlango 25 yaweza kutuma barua vizuri chuoni na kugoma nyumbani, ingawa kompyuta ni ileile. Mwenye dalili hiyo asitafute kosa kwenye neno la siri.

Kuhusu cheti, swali la kwanza ni saa ya kompyuta. Cheti cha seva kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na programu huzilinganisha na tarehe iliyo kwenye kompyuta. Kompyuta za mezani zina betri ndogo ya duara ambayo huiweka saa hai umeme unapokatika. Betri hiyo ikichoka, kila baada ya umeme kukatika kompyuta huamka ikidhani iko miaka mingi iliyopita, na vyeti vyote huonekana kuwa havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, na uchague ukanda wa saa wa Kigali, ambao uko saa moja nyuma ya Dar es Salaam na Nairobi. (Wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza wakumbuke kwamba kompyuta haijui saa za Kiswahili: saa nane mchana huandikwa 14:00, si 8:00.)

Lakini kama tarehe ni sahihi na bado programu inasema cheti kina jina la mwingine, basi usibofye kile kitufe cha kukubali hivyohivyo. Huenda ni ule ukurasa wa masharti wa hoteli unaojibu badala ya seva yako, au ukurasa wa kampuni ya simu unaokuambia bando limekwisha. Huenda vilevile ni mtu anayejaribu kujiweka katikati ili asome neno lako la siri. Programu haiwezi kutofautisha, na wewe kwa kutazama tu huwezi pia. Badilisha mtandao, kisha ujaribu tena. Baadhi ya programu za kukinga virusi nazo hujiweka katikati ili kukagua barua, na huleta kosa hilihili. Ukaguzi huo wa barua waweza kuzimwa peke yake bila kuiondoa kinga yote.

Tumefika kwenye neno la siri, ambalo wengine huliita nywila. Hapa ndipo watu wengi hupoteza siku nzima, na tuna sababu mbili za kueleza.

Ya kwanza ni kibodi. Nchini Rwanda, kama Bukavu na Bujumbura, zipo kompyuta nyingi zenye kibodi ya Kifaransa na nyingine nyingi zenye kibodi ya Kiingereza, na Windows huweza kubadilisha mpangilio kwa kubonyeza vitufe viwili tu pamoja bila mtu kujua. Mtu mwenye kibodi ya Kifaransa ambayo kompyuta inaidhania kuwa ya Kiingereza, akiandika “mwalimu” kwa kufuata herufi anazoziona kwenye vitufe, kompyuta hupokea “;zqli;u”. Namba nazo, ambazo kwenye kibodi ya Kifaransa huhitaji kushikilia kitufe cha herufi kubwa, hugeuka kuwa alama. Katika barua ya kawaida kosa hilo huonekana mara moja; katika nafasi ya neno la siri huonekana vidoto tu. Kabla ya kulaumu seva, fungua ukurasa mtupu wa kuandikia, andika neno lako la siri humo, litazame, kisha ulifute.

Ya pili ni mabadiliko yaliyofanywa na kampuni zenyewe. Tarehe 30 Mei 2022, Google iliacha kuruhusu programu za barua pepe kuingia kwenye akaunti binafsi za Gmail kwa kutumia jina na neno la siri la kawaida peke yake. Microsoft ilifanya vivyo hivyo kwa akaunti za Outlook.com na Hotmail tarehe 16 Septemba 2024. Tangu hapo, programu iliyopangwa zamani husema neno la siri si sahihi, ilhali ni sahihi kabisa na kwa kivinjari linafanya kazi. Kulibadilisha hakusaidii kitu. Kinachohitajika ni kwenda kwenye mpangilio wa seva ndani ya programu na kubadilisha namna ya kujitambulisha iwe OAuth2. Katika Thunderbird jambo hilo hufanywa mara mbili, kwa seva ya kupokea na kwa seva ya kutuma, na wengi husahau ya pili. Dirisha dogo la kampuni husika litafunguka, utaingia humo, na programu itapewa ruhusa yake bila kulihifadhi neno lako la siri. Dirisha hilo likikataa kuendelea, hakikisha Thunderbird imeruhusiwa kupokea vidakuzi. Kwa Gmail kuna njia nyingine kwa programu isiyojua OAuth2: ukishawasha uthibitisho wa hatua mbili, unaweza kuomba neno la siri maalumu la herufi kumi na sita kwa ajili ya programu hiyo tu.

Katika suala hili kompyuta kuukuu zina hali ngumu, na tusifiche. Thunderbird 78, ya mwaka 2020, iliacha kukubali namna za zamani za kufunga mazungumzo, zile TLS 1.0 na 1.1, na seva nyingi zimefanya hivyo pia. Kwa hiyo programu ya zamani mno hukataliwa kabla hata ya kufika kwenye neno la siri. Toleo la mwisho la Thunderbird kwa Windows 7 ni 115. Ile programu ya Mail iliyokuja na Windows 10 iliachwa na Microsoft mwishoni mwa mwaka 2024. Mwenye Outlook Express ya enzi za Windows XP hana mpangilio wa kurekebisha. Anahitaji programu nyingine.

Turudi kwa mwalimu wetu na alama zake. Tuseme ameshapita hatua zote, anapokea barua, mlango wa kutuma ni 587, na bado barua inakwama katikati. Sasa atazame kiambatisho. Faili linapotumwa kwa barua pepe hugeuzwa kuwa herufi, na kwa kugeuzwa huko huongezeka ukubwa kwa takriban theluthi moja. Karatasi za mtihani zilizopigwa picha na kufikia megabaiti 18 husafiri zikiwa megabaiti 24. Gmail huruhusu 25. Kwa intaneti inayopandisha kilobiti 256 kwa sekunde, mzigo huo unahitaji zaidi ya dakika kumi na mbili bila kukatika hata mara moja, na ukikatika huanza upya. Jedwali la alama za wanafunzi arobaini, likitumwa kama jedwali na si kama picha, halifiki hata megabaiti moja.

Kuna pia kosa ambalo si kosa. Katika akaunti za IMAP, programu ikishatuma barua huweka nakala kwenye kikasha cha zilizotumwa, na kuweka huko ni safari nyingine tena. Intaneti ikikatika baina ya hizo mbili, programu husema nakala haikuhifadhiwa. Barua yenyewe imekwenda. Asiyesoma maneno hayo hutuma tena, na tena, na mpokeaji anapata majedwali matatu asijue lipi ni la mwisho. Ni afadhali kumpigia simu mpokeaji na kumwuliza.

Tumeacha kwa makusudi ushauri ambao hutolewa kwa haraka kuliko wote, yaani “futa akaunti uiweke upya”. Usiufuate kabla ya kujua unatumia POP3 au IMAP. Kwa IMAP, barua ziko kwenye seva na zitarudi. Kwa POP3, kutegemea ilivyopangwa, barua huenda zilifutwa kwenye seva zilipopakuliwa, na nakala pekee duniani ni ile iliyo kwenye diski yako. Mwalimu aliyetunza barua za wanafunzi, rasimu za tasnifu na mawasiliano ya miaka kumi katika Thunderbird anaweza kuvipoteza vyote kwa kuweka alama moja kwenye kisanduku kinachouliza kama data za barua nazo ziondolewe. Kwa kawaida, kuondoa programu yenyewe hakufuti barua; kuondoa akaunti pamoja na data zake hufuta. Kwa hiyo funga programu kwanza, tafuta folda ya wasifu wa Thunderbird (menyu ya msaada, kwenye taarifa za utatuzi, huonyesha ilipo), na uinakili yote kwenye diski ya nje. Watumiaji wa Outlook ya zamani wenye POP3 watafute faili lenye herufi pst mwishoni mwa jina lake. Kunakili huko huchukua dakika chache, na baada yake jaribu lolote unalotaka.

Ukishindwa na ukaamua kumwandikia fundi, mpelekee mambo haya: maneno ya kosa kama yalivyo, hata kama ni ya Kiingereza au Kifaransa; jina na toleo la programu; kama kinachoshindikana ni kupokea, kutuma au vyote; jina la mtandao uliokuwa umeunganishwa nao; na saa ambayo kosa lilitokea. Usimpelekee neno la siri, na fundi anayeliomba asipewe.

Na ikiwa imeshafika saa kumi na nusu na alama hazijaondoka, mwalimu aingie kwenye barua zake kwa kivinjari, aambatishe jedwali lilelile, alitume, kisha aifute ile iliyobaki kwenye kikasha cha zinazosubiri, isije ikajituma yenyewe usiku mtandao utakaporudi.